Ukungu wa Vioo vya Magari na Vihisi Visivyo na Waya wala Betri



Dereva wa gari la chama ateremkaye kutoka Lushoto kwenda Mombo asubuhi ya mwezi wa Julai, mvua ya manyunyu ikinyesha na watu watatu wamebanana katika chumba cha dereva, analijua vema jambo tunalokusudia kulieleza katika makala haya. Kwanza kioo cha mbele hupauka pembeni. Kisha weupe ule hutambaa kuelekea katikati, na kabla ya kona inayofuata dereva huwa anaitazama barabara kama mtu atazamaye kupitia chandarua. Hunyoosha mkono akafuta kwa kiganja. Haipiti dakika nyingi kioo kimepauka tena, na safari hii kina michirizi ya mafuta ya mkono, ambayo usiku hufanya taa za magari yanayokuja zitawanyike machoni mwake.

Jambo hili huonekana dogo kwa kuwa halivunji chuma wala halitoboi gurudumu. Wala aghalabu halimo katika daftari la matengenezo ambalo katibu hulipeleka mbele ya kamati. Lakini gari linalokwenda mwendo wa kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anayetumia sekunde tatu kufuta kioo amekwenda zaidi ya mita 40 akiwa na mkono mmoja tu usukanini, na macho yake yakiwa kwenye kioo badala ya barabarani. Katika barabara ya mlima yenye korongo upande mmoja, mita 40 ni nyingi.

Watengenezaji wa magari na wa vifaa vya elektroniki wamekuwa wakitafuta njia za kuutambua ukungu kabla haujatokea. Njia mojawapo ni kihisi kidogo, chembamba kama kijibandiko, kisichokuwa na waya wala betri, ambacho hubandikwa kiooni na kupeleka habari kwa mawimbi ya redio. Si ajabu makatibu wakaulizwa na wanachama, hasa vijana waliosomea ufundi, kama kifaa hicho chafaa kununuliwa kwa ajili ya magari ya vyama. Jibu letu tutalitoa. Lakini haliwezi kueleweka bila kwanza kujua ukungu wenyewe watoka wapi. Na kwa maoni yetu sehemu hiyo ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa msomaji, awe atakinunua kifaa au hatakinunua.

UKUNGU WATOKA WAPI

Hewa yoyote ina maji ndani yake katika hali ya mvuke usioonekana. Kiasi cha mvuke ambacho hewa yaweza kukichukua hutegemea joto lake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 30 za Sentigredi yaweza kuchukua karibu gramu 30 za mvuke. Ikipozwa hadi nyuzi 20 haiwezi kuchukua zaidi ya gramu 17 hivi. Na ikifika nyuzi 10, gramu 9 tu na kitu kidogo. Yaani kila inapopoa kwa nyuzi kumi, uwezo wake wa kubeba maji hupungua kufikia karibu nusu. Mvuke uliozidi hauna pa kwenda ila kugeuka maji. Ndiyo sababu majani huwa na umande alfajiri, na ndiyo sababu chupa ya soda iliyotoka katika jokofu hutoka jasho mezani ingawa haivuji.

Joto ambalo hewa ikilifikia katika kupoa kwake huanza kutoa maji huitwa kiwango cha umande. Msomaji na alishike jina hili, kwa maana habari yote iliyobaki imejengwa juu yake. Hewa yenye joto la nyuzi 20, na unyevu wa asilimia 60 ya ule iwezao kuubeba, ina kiwango cha umande cha nyuzi 12. Kitu chochote kilichomo katika hewa hiyo, kikiwa na joto la chini ya nyuzi 12, kitalowa. Unyevu ukipanda hadi asilimia 80, kiwango cha umande hupanda kupita nyuzi 16.

Sasa tuingie ndani ya gari. Tuseme chumba cha dereva kina hewa ya mita tatu za ujazo, joto lake nyuzi 20, na unyevu asilimia 60. Hewa hiyo yote ina maji yapatayo gramu 31, sawa na vijiko viwili vikubwa. Nje kuna baridi na mvua, na kioo cha mbele kimepozwa na upepo wa safari hadi nyuzi 14. Kioo hicho kitaanza kupauka mara hewa ya ndani itakapofikisha gramu 36 hivi za maji. Pengo, basi, ni gramu tano. Mtu mmoja aliyeketi tu, kwa pumzi yake na kwa ngozi yake, hutoa maji kiasi cha gramu 30 hadi 50 kila saa. Watu watatu, tukiwakadiria gramu 40 kila mmoja, hutoa gramu mbili kila dakika. Ikiwa madirisha yamefungwa na hewa haitoki hata kidogo, gramu tano hizo hutimia kwa dakika mbili au tatu.

Kwa kweli hakuna gari lisilovuja hewa, hasa haya yetu, kwa hiyo muda huwa mrefu kuliko huo. Hata hivyo hesabu yaonyesha jinsi pengo lilivyo jembamba. Na hapo hatujahesabu makoti yaliyolowa, viatu vyenye matope, wala gunia bichi lililosukumwa chini ya kiti ili lisinyeshewe.

Yako mambo mawili ambayo madereva wengi huyachanganya. La kwanza ni kwamba baridi peke yake haileti ukungu, wala unyevu peke yake hauleti. Ukungu huja pale kioo kinapokuwa baridi kuliko kiwango cha umande cha hewa inayokigusa. La pili ni kwamba wakati mtu auonapo, ukungu umekwisha kuanza. Maji yenyewe yaliyotua kiooni ni kidogo sana. Linaloziba njia ni kule kugawanyika kwake katika matone mengi madogo, kila tone likiupinda mwanga kwa upande wake. Kama maji hayohayo yangetandaa yakawa utando mmoja mwembamba, dereva angeona vizuri. Hiyo ndiyo siri ya madereva wa zamani waliokuwa wakipaka kioo sabuni kavu kisha wakakisugua kwa kitambaa hadi king'ae. Sabuni huyafanya maji yatandae badala ya kujikusanya kuwa matone. Dawa yao ni ya kweli, ingawa haidumu.

Wenzetu wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa huona kinyume chake. Hewa ya nje yenye nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 85 ina kiwango cha umande cha nyuzi 24. Gari lenye kiyoyozi kinachopuliza baridi moja kwa moja kiooni hukipoza kioo hicho chini ya nyuzi 24, na ukungu hutokea upande wa nje. Dereva hufuta ndani, haoni badiliko lolote, akadhani macho yake ndiyo mabovu. Waipa huuondoa mara moja, na upepo wa baridi ukigeuzwa usielekee kiooni haurudi. Sheria ni ileile. Upande ndio uliobadilika.

KAZI YA KUPIMA

Madhali ukungu hutokana na joto la kioo kushuka chini ya kiwango cha umande, anayetaka kuutabiri hana budi kujua mambo matatu: joto la hewa iliyo ndani, unyevu wake, na joto la kioo chenyewe. Mawili ya kwanza humpa kiwango cha umande. La tatu hulilinganisha na kiwango hicho. Tofauti ikiwa kubwa, hakuna la kufanya. Ikianza kupungua, gari laweza lenyewe kufungua hewa ya nje, kuongeza feni na kuelekeza upepo kiooni, hali jicho la dereva bado halijaona kitu.

Vifaa vya namna hiyo viko tayari katika baadhi ya magari ya kisasa. Ni kisanduku kidogo kilichobanwa kwenye kioo cha mbele, penye shina la kioo cha kutazamia nyuma, kikiunganishwa kwa waya na mitambo ya hewa. Sensirion, kampuni ya Uswisi, ni mojawapo ya watengenezaji wa vihisi vya unyevu vya kazi hiyo. Navyo hufanya kazi vizuri, ila vina dosari moja: hupima mahali pamoja tu. Kioo cha gari hakina joto moja. Sehemu ya chini, karibu na matundu ya hita, huwa vuguvugu. Pembe za juu hubaki baridi. Kioo cha mlango alikoketi dereva hupata pumzi yake kwa karibu. Kioo cha nyuma kina mambo yake yenyewe.

Basi kwa nini visiwekwe vihisi vingi? Kwa sababu ya waya. Waya uliopita juu ya kioo humzuia dereva kuona. Waya uliofungwa kwenye kioo cha mlango, kinachopanda na kushuka kila siku, hukatika. Na kioo cha mbele chenyewe si cha milele. Jiwe moja la barabarani hutosha. Betri ndogo nayo si dawa, kwa kuwa gari lililofungwa juani hupata joto kali sana nyuma ya kioo, na betri huzeeka upesi katika joto hilo. Tena ikiisha, nani ataibandua na kuibadilisha? Ndipo wataalamu walipogeukia kitu kisichokuwa na vyote viwili.

KISICHO NA BETRI HUSEMAJE?

Hapa msomaji ana haki ya kutia shaka. Kifaa kisicho na nguvu chapata wapi sauti?

Mfano ulio karibu ni wa mtoto mchungaji aliye na kipande cha kioo juu ya kilima. Mtoto huyo hana taa. Lakini jua likiwaka, aweza kukielekeza kipande chake kwa mwenzake aliye kilima cha pili, akakifunika na kukifunua kwa kiganja, na mwenzake akaelewa. Mwanga ni wa jua. Habari ni ya mtoto. Kihisi kisicho na betri hufanya hivyo hivyo kwa mawimbi ya redio. Ndani ya gari huwekwa chombo kimoja chenye umeme, tukiite kisomaji, kinachotoa mawimbi. Antena ya kijibandiko huyapokea. Sehemu ndogo ya nguvu yake hugeuzwa kuwa umeme wa kuiamsha chipu, ambayo huhitaji sehemu chache tu za milioni za wati moja. Mawimbi yaliyobaki hurudishwa, na chipu huyafanya yarudi kwa nguvu au kwa unyonge, kwa zamu, kama kile kiganja. Kisomaji huisoma zamu hiyo kuwa namba.

Wanaushirika wengi wameshika kitu cha jamii hii bila kujua. Kadi ya kulipia nauli katika kivuko cha Kigamboni haina betri. Huazima nguvu kwa mashine inayoguswa. Botswana, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwamezesha ng'ombe vidonge vya kauri vyenye chipu isiyo na betri ili nyama iuzwayo Ulaya ijulikane ilitoka kwa mfugaji gani. Nchini India, tangu Februari 2021 magari hulazimika kulipa ushuru wa barabara kuu kwa kijibandiko cha namna hii kilichobandikwa hasa penye kioo cha mbele, na hakuna ambaye atasema kwamba jua la India ni dogo kuliko letu.

Asili ya jambo lenyewe ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia Averell Harriman, balozi wa Marekani mjini Moscow, nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mti. Ilitundikwa katika nyumba ya balozi. Mwaka 1952 iligunduliwa kwamba ndani yake mlikuwa na kifaa cha kunasa maneno, kilichobuniwa na mhandisi Leon Theremin, kisichokuwa na betri wala waya. Wasikilizaji walikuwa wakikimulika kwa mawimbi ya redio kutoka nje. Ngozi nyembamba ya chuma iliyokuwamo ilitetemeka kwa sauti za wasemaji, na mawimbi yaliyorudi yakabadilika kwa kadiri ya mtetemeko huo. Mwaka 1960 Wamarekani walikionyesha kifaa hicho mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Tumeisimulia habari hii si kwa ajili ya ujasusi wake, bali kwa kuwa kitu kile hakikuwa kadi yenye namba tu. Kilikuwa kihisi: kilihisi sauti na kuieleza kwa nguvu ya kuazima. Mwaka 1948, kabla hakijagunduliwa, Harry Stockman alikuwa amekwisha kuandika Marekani makala ya kitaalamu juu ya kupashana habari kwa nguvu iliyorudishwa.

Kihisi cha ukungu hufuata njia hiyo, ila badala ya sauti huhisi maji na joto. Ziko namna mbili zinazofaa kutajwa.

Namna ya kwanza hutumia chipu. Kampuni ya RFMicron ya Austin, Texas, ilibuni chipu inayojirekebisha yenyewe, na kampuni kubwa ya ON Semiconductor ikashirikiana nayo katika kutengeneza vijibandiko vyake. Ili kuielewa, mtu na akumbuke redio ya zamani yenye kitufe cha kuzungusha. Stesheni ikipotea kidogo, msikilizaji huzungusha kitufe hadi sauti irudi. Maji yakitua karibu na antena ya kijibandiko, antena hupotea stesheni yake kwa kiasi kidogo. Chipu huzungusha kitufe chake cha ndani hadi ipokee vizuri tena, kisha hueleza imekizungusha mara ngapi. Hiyo namba ndiyo kipimo cha unyevu. Hakuna sehemu nyingine ya kuhisi. Antena yenyewe ndiyo inayohisi. Chipu za baadaye za jamii hiyo hupima joto pia, na kijibandiko kilichoshikamana na kioo hupima joto la kioo penyewe hapo, wala si la hewa iliyo karibu nacho.

Namna ya pili haina chipu kabisa. Mwaka 1965 White na Voltmer wa Chuo Kikuu cha California walionyesha jinsi vitana viwili vya chuma chembamba, vilivyopachikwa juu ya jiwe la fuwele, viwezavyo kugeuza umeme kuwa mtetemeko unaosafiri juu ya uso wa jiwe hilo, na kuurudisha tena kuwa umeme. Mtetemeko huo huenda mwendo wa mita elfu tatu au nne kwa sekunde. Mawimbi ya redio huenda mita milioni 300. Kwa hiyo mwangwi wa kihisi hurudi ukiwa umechelewa sana, wakati ambapo myangwi mingine yote iliyogonga mabati ya gari imekwisha kufa, na kisomaji hakiwezi kuukosea. Joto likibadilika, muda wa safari ya mtetemeko hubadilika nao kidogo, na kwa kuupima muda huo joto hujulikana. Vihisi vya namna hii huvumilia joto kali ambalo chipu haliwezi, na vimetumika mahali ambapo waya haufiki, kama vile kwenye vyuma vinavyozunguka.

PENYE UGUMU

Msomaji asidhani kwamba yote ni mteremko. Gari ni sanduku la bati, na ndani ya sanduku la bati mawimbi ya redio hugongana. Pana pembe ambazo kisomaji huita na hakuna anayeitika. Baadhi ya vioo vya mbele vina utando mwembamba wa madini wa kuzuia joto la jua, na utando huo huyazuia mawimbi pia. Ndiyo sababu watengenezaji huacha mahali padogo pasipo na utando kwa ajili ya vijibandiko vya kulipia barabara. Tena kijibandiko hakiwezi kuwekwa mbele ya macho ya dereva. Huwekwa pembeni, hivyo hupima pembe ya kioo, na mitambo hubaki kukisia hali ya katikati. Kwa bahati nzuri pembe ndizo hupauka kwanza mara nyingi.

Bei ya kijibandiko ni ndogo. Gharama iko katika kisomaji na katika kukiunganisha na mitambo ya hewa ya gari.

Baadhi yenu mtauliza kama vijibandiko hivyo vyaweza kutiwa ghalani katikati ya magunia ili vieleze unyevu wa mazao. Vyaweza, ila nafaka ina maji, na maji huyanyonya mawimbi haya. Kijibandiko kilicho katikati ya rundo kubwa aghalabu hakitasikika. Hilo ni somo la makala nyingine.

Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba kihisi hakiondoi ukungu. Ni mlinzi apigaye mbiu. Wa kuja kuzima moto ni wengine. Gari ambalo feni yake imeungua na hita yake imezibwa na fundi miaka mitatu iliyopita halitapata faida yoyote kwa kuambiwa mapema kwamba kioo chake kitapauka.

Kwa nini basi watengenezaji wanaihangaikia habari hii? Kwa sababu ya magari ya umeme. Injini ya petroli au dizeli hutupa joto jingi bure, na hita hujipatia humo. Gari la umeme halina joto la kutupa. Kukausha na kupasha hewa yake hula betri ileile inayozungusha magurudumu, na safari hufupika. Dereva wa gari hilo katika nchi za baridi angependa kuzungusha hewa ileile ya ndani iliyokwisha kupata joto, lakini akifanya hivyo unyevu wa pumzi hujilimbikiza. Kihisi kizuri humwezesha kukaribia ukingo wa ukungu bila kuuvuka, na kuwasha feni na kiyoyozi kwa dakika zile tu zinazohitajika. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ni ya gari jingine, si la lori letu la kuchukulia majani ya chai.

USHAURI KWA VYAMA

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba chama chenye lori au pikapu ya siku nyingi kisitumie fedha za wanachama kununua kifaa hiki. Magari hayo huendeshwa kwa vishikio vya mkono. Hata kihisi kikisema, hakuna chombo cha kutii. Fedha hizo na zitengeneze feni, zifungue hita iliyozibwa, na kubadilisha mipira ya milango inayoingiza maji ya mvua chini ya mazulia. Zulia lililolowa ni kisima ndani ya gari.

Yaliyobaki ni kazi ya dereva, na katibu anaweza kumweleza kwa dakika kumi. Magari mengi yetu yamenunuliwa yakiwa yametumika Japani, na kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani yake madereva hukibonyeza ili kuzuia vumbi, wakakisahau. Wakati wa mvua na baridi kitufe hicho lazima kizimwe ili hewa ya nje iingie. Hewa ya nje ya Njombe mwezi wa Juni, ingawa ina ukungu na ni nyuzi 9 tu, haina zaidi ya gramu 9 za maji katika kila mita ya ujazo. Ikiingia na kupashwa joto hadi nyuzi 20 huwa hewa kavu, yenye unyevu wa nusu tu ya ule iwezao kuubeba. Hili huwashangaza watu: mtu aonaye ukungu nje hufunga madirisha ili usiingie ndani, kumbe adui ameketi naye kitini, anapumua.

Upepo na uelekezwe kiooni, penye alama ya kioo na mishale inayopinda. Ikiwa gari lina kiyoyozi kizima, kiwashwe pamoja na hita. Si upuuzi, kwa maana hewa ikipita kwenye bomba la baridi la kiyoyozi huacha maji yake hapo, ndiyo yale yanayodondoka chini ya gari lililosimama, kisha hita huipasha joto ikiwa imekwisha kukauka. Gari lisilo na vyote viwili hufunguliwa madirisha mawili kidogo, kulia na kushoto, na abiria wavumilie baridi. Magunia yaliyolowa yawekwe nyuma. Kioo kisafishwe kwa ndani kila juma, kwa maji ya sabuni na kitambaa safi, kwa kuwa moshi wa sigara na mafuta huyafanya maji yajikusanye kuwa matone.

Liko jambo moja ambalo fundi aitwe mara moja. Kama ukungu una utelezi wa mafuta na harufu tamu, na dawa ya rejeta inapungua bila kuonekana pa kuvujia, basi hita yenyewe imetoboka na inapuliza mvuke wa rejeta ndani. Hapo kufuta hakusaidii, na injini nayo iko hatarini kuchemka.

Chama kitakachonunua gari jipya lenye mitambo ya kuondoa ukungu yenyewe, hasa la umeme, kifanye mambo mengine. Kimwulize muuzaji kihisi kiko mahali gani pa kioo, na kama kimebandikwa kiooni au kimebanwa tu. Kijibandiko kilichobandikwa huondoka pamoja na kioo siku kioo kikipasuka, na fundi wa vioo wa mjini akitia kioo cha kawaida, mitambo hubaki haina macho, pengine bila kuonyesha taa yoyote ya hitilafu. Namba kamili ya kioo cha asili na iandikwe katika jalada la gari siku ya kulipokea, na mkataba wa bima useme waziwazi kwamba kioo kitakacholipwa ni cha namba hiyo pamoja na kihisi chake.